Apolot Bado

Ilianza na nakala moja iliyozidi.

Emong, mpiga picha wa Malaba aliyewahi kuwavisha suti kwa kompyuta wanaume wasiomiliki hata soksi pea moja, alikuwa na picha moja tu ya marehemu mkewe Apolot, tena ya siku ambazo ugonjwa ulikuwa umeshamla mashavu. Baada ya mazishi hakuwa na mtu wa kuongea naye, akawa anairekebisha. Picha yenyewe hakuigusa, alitengeneza nakala. Moja alimrudishia mashavu, nyingine nywele. Akaziita "Apolot mwisho", "Apolot mwisho kabisa", "Apolot mwisho wa mwisho", kama mlevi anayeaga baa.

Adhuhuri moja akakuta nyingine chini yake: "Apolot bado".

Hakuitengeneza yeye. Apolot wa humo alikuwa amenona, anacheka, na studio nzima ikanuka marashi ya waridi.

Akamwita Petronilla, mama wa maombi aliyeuza mitumba mlango wa pili. Petronilla akachungulia, akarudi nyuma.

"Emong, si bibi yako alikuwa anapiga chafya akisikia marashi?"

"Sana, mama. Hata harusi alikuwa anakaa nje."

"Basi huyo si yeye. Ni jini imevaa sura yake. Umeita maiti mara ngapi kwa hiyo mashine? Futa hizo zote, ubaki na ile ya ukweli. Mimi naomba, wewe futa."

Akafumba macho. Emong akazifuta zile zote za "mwisho", zikabaki mbili: ile ya ugonjwa na "Apolot bado". Hapo malori yaliyokuwa yakinguruma kwenye foleni ya mpaka yakanyamaza moja baada ya jingine, marashi yakamkaba kooni, na kutoka kwenye spika ambazo hakuwa amezichomeka ikaja sauti ndogo, ya mke anayeongea na mumewe jikoni, ikamwambia kwamba chai imepoa, kwamba kitanda kile ni kikubwa kwa mtu mmoja, kwamba yule mgonjwa hatamjibu hata amwite mpaka koo likauke, ila yeye atamjibu, achague tu.

"Umefuta?" Petronilla akanong'ona, bado amefumba macho.

Emong akamtazama yule mkondefu asiyesema kitu. Akabonyeza.

"Nimefuta, mama."

Malori yakanguruma tena. Petronilla akamshukuru Mungu, akarudi kwa wateja wake. Kwenye kompyuta picha ya mgonjwa haikuwapo. Aliyebaki alikuwa anacheka.

Emong akafunga mlango kwa ndani, akavuta kiti.

"Haya," akamwambia. "Sema tena."