Vidole vya Bibi na Masanduku ya Simuni

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono na kuketi kitandani kwa bibi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya domo lake lisilopumzika. Bibi alikuwa fundi cherehani mpaka alipopatwa na kiharusi, kikamwachia mkono wa kulia uliokunja vidole. Mama alishinda kazini, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyevinyoosha vidole hivyo kimoja kimoja, mara ishirini, kisha akatia alama ya vema kwenye karatasi ya ukutani.

Siku moja binamu yake akaweka mchezo kwenye simu ya Bibi. Ulikuwa na masanduku ya kufungua. Mengi yalikuwa matupu, ila mara mojamoja lilitoka taji, simu ikaimba. Usipocheza kila alasiri, unarudishwa mwanzo. Chiriku alijiambia atafungua moja tu kabla ya mazoezi, lakini moja lilivuta la pili, la pili likavuta la kumi, mpaka Mama akarudi. Bibi alimwona anavyofurahi, akaona haya kumsumbua. Karatasi iliendelea kujaa alama za vema.

Mwezi ulipoisha, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempangia Bibi mazoezi hayo. Alisoma karatasi, akaushika mkono, akakunja uso. Vidole vilikuwa vimekakamaa kuliko mwanzo. Bibi akawahi kusema kwamba walifanya kila siku, labda ni uzee tu. Mtaalamu akaguna. Kama mwezi mzima wa mazoezi haukusaidia, alisema, basi hakuna haja ya yeye kuendelea kuja.

Chiriku aliionyesha karatasi kwa kidole.

“Bibi ananifichia,” alisema. “Alama hizo ni za uongo. Nilikuwa nacheza.”

Mtaalamu hakumfokea. Aliomba simu, akafungua sanduku moja, la pili, la tatu. Yote matupu. Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea la nne alipojishtukia, akacheka.

“Umeniona? Ukipata zawadi kila mara, unakinai. Usipopata kabisa, unaacha. Ukipata mara mojamoja bila kujua lini, unang'ang'ania. Waliotengeneza mchezo wanalijua hilo. Kunaswa si ujinga wako, mwanangu. Lakini uongo wa karatasi ni wako.”

Chiriku aliufuta mchezo mwenyewe, huku akilia kidogo kwa ajili ya mataji yake. Mazoezi yakaanza upya.

Wiki ya tatu, kidole gumba cha Bibi kilikutana na cha shahada, vikabana mkono wa shati la Chiriku. Wote wawili walivitazama.

“Mjukuu wangu,” Bibi akasema, “mchezo ule ulikuita kila siku, nao haukuwa na haja nawe. Mimi nilikuhitaji, nikanyamaza. Kuanzia leo nitakuita. Na wewe ukikosea, niambie siku hiyohiyo, usiniandikie vema.”

Alisema hayo akiwa bado amelishika shati, na Chiriku hakujaribu kujitoa.