Sauti ya Fundi wa Nguo

“Shikamoo, wifi!”

Fundi wa nguo aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, amekumbatia kitambaa cheupe cha satini kama mtoto mchanga.

“Marahaba. Wifi wa wapi tena, mdogo wangu?”

“Sauti yako ningeitambua hata gizani! Si wewe unayeturekodia Kiingereza? Unataja ‘depend’, unanyamaza, sisi tunajibu ‘on’. Unataja ‘listen’, tunajibu ‘to’. Nilikuwa nachanganya vyote, sasa nateleza tu!”

Mguu wa fundi uliganda kwenye pedeli. Zile sauti alimrekodia mchumba wake, muuguzi, aliyekwisha kufeli mara moja mtihani wa Kiingereza wa kwenda kufanya kazi ng’ambo. Akifaulu, wafunge ndoa, waondoke wote wawili.

“Mnajibu wewe na nani?”

“Na kaka yako! Tunafanya kazi wodi moja. Aliniambia dada yake ni fundi, ndiyo nimekuja unishonee gauni la harusi. Usimwambie, nataka kumshtukiza.”

Fundi alipiga simu, akaweka spika.

“Mpenzi,” muuguzi alipokea, “mtihani kesho, na vitenzi vya leo hujanitumia. Umenisahau?”

“Kuna mgeni hapa. Ananiita wifi.”

Muuguzi alishusha sauti.

“Nitakueleza. Huyo ni mfanyakazi mwenzangu tu, ananing’ang’ania…”

“Mimi nakung’ang’ania?” msichana alimaka. “Na hii mimba nayo inakung’ang’ania?”

Simu ikakatwa.

Msichana aliketi kwenye stuli ya wateja, akalia mpaka kwikwi. Fundi alimletea maji, akamshikia kikombe.

“Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua.”

“Najua.”

“Lakini nitaenda naye huko ng’ambo. Mtoto huyu nitampeleka wapi?”

Fundi alimkunjia kitambaa chake polepole, ncha kwa ncha.

“Tafuta fundi mwingine, mdogo wangu. Mimi sitaweza.”

Msichana alipotoka tu, meseji ya muuguzi ikaingia: “Nisamehe. Ila nitumie vile vitenzi vya mwisho, maisha yangu yote yako hapo.”

Hakujibu. Katika chumba cha ndani, mama yake aliamka usingizini, akakohoa.

“Mteja kaondoka? Mbona sikusikia ukimpima?”

“Ameondoka, mama.”

“Haya, njoo tuzungumze habari ya harusi yako. Shangazi zako wanauliza tarehe.”

Fundi aliingia, akakaa kitandani miguuni pa mama yake, akaanza kumsimulia habari za msichana mwenye kitambaa cheupe.