Koti Kwenye Msumari wa Tisa

Wanaosema kambi ile ya zamani haina neno, waje wamwulize shangazi yetu. Siku hizi ni kituo cha utamaduni cha jiji: mabweni ya askari yamekuwa kumbi za ngoma na maigizo, ghala la silaha limekuwa maktaba, watoto wanasoma humo. Shangazi alipewa chumba cha mwisho ashone mavazi ya mchezo mpya. Ilikuwa miezi miwili tangu amzike mumewe, na chozi hata moja hakudondosha. Majirani wakamteta weee, mpaka wakachoka. Yeye hakusikia uchungu wala nafuu. Alikula, akalala, akashona.

Asubuhi moja akaja na koti la marehemu. Mchezo ulihitaji koti la mzee, na kwake nguo ilikuwa nguo tu. Fundi anayejiheshimu haachi koti kitini likunjamane. Ukutani kulikuwa na misumari mikubwa ya kale, kila mmoja na namba yake, akalitundika kwenye wa tisa.

Mtunza milango, mama mmoja asiyefunga mdomo hata akitafuna, alichungulia kumsalimu. Akanyamaza ghafla.

"Koti la nani hilo, dada?"

"La mume wangu."

"Si ndiye uliyemzika? Mungu wangu! Litoe hapo."

Akamweleza kwa kunong'ona. Askari akiitwa vitani alitundika hapo koti lake la nyumbani. Akirudi, analichukua. Asiporudi, fundi wa kambi analipunguza, limtoshe atakayeitwa baada yake.

"Fundi wa hapa ni mimi," shangazi akajibu, akaendelea kukata kitambaa.

Kesho yake akalikuta koti limebanwa kiunoni na mikono imeshushwa. Mishono ya mkono, midogo, ya uzi mweusi ambao yeye hakuwa nao. Akajua ni utani wa waigizaji, maana wale hawana dogo. Akalifumua, akalipeleka nyumbani, akalifungia kabatini.

Asubuhi iliyofuata lilikuwa kwenye msumari wa tisa, limeshonwa upya.

Akachukua futi. Akapima kifua, kiuno, mkono. Akapima tena. Mshonaji anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mwanawe, lakini si vipimo vyake. Vilikuwa vya Ngongoti, mtoto wake wa pekee, kijana mrefu mwembamba aliyekuwa akipiga ngoma kwenye ukumbi wa jirani.

Adhuhuri Ngongoti akaingia, jasho linamtoka.

"Mama, umemtuma mtu aniite?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Tangu asubuhi kuna mtu anaita, 'Tisa! Tisa!' Nikageuka, ananitazama mimi. Nimeitika mara mbili."

"Umemwona uso?"

Ngongoti akafikiri. "Hapana," akasema polepole. "Lakini alikuwa ananitazama."

Hapo shangazi akaogopa. Ndicho kitu cha kwanza alichokisikia moyoni tangu mazishi.

"Nenda nyumbani, baba. Akiita tena, usiitike. Nakuomba."

Akafunga mlango. Akalifumua koti lote. Akajipima mwenyewe: kifua, kiuno, mkono. Akashona kwa uzi maradufu, hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Akalitundika palepale.

"Mwacheni mwanangu," akanong'ona. "Niiteni mimi."

Nje watoto wa maktaba walikuwa wanacheka. Kisha nyuma yake, karibu kabisa na sikio, akaitwa.

Akaitika.

Asubuhi msumari wa tisa ulikuwa mtupu. Ngongoti hakuitwa tena, na mchezo ulichezwa, watu wakapiga makofi. Tukashukuru, tukasema yamepita.

Shangazi yuko nyumbani sasa. Kushona ameacha, nje hatoki. Jioni Ngongoti hufunga mlango kwa kufuli, ufunguo anaulalia. Na kila asubuhi huketi chini na beseni la maji, akamwosha mama yake miguu. Nyayo zina malengelenge mabichi ya buti. Katikati ya vidole kuna tope jeusi, na kwetu mvua haijanyesha huu mwezi wa tatu. Leo kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Mama, wanakupeleka wapi?" Ngongoti aliuliza, machozi yanamtiririka ndani ya beseni.

Shangazi alimtazama kana kwamba anajaribu kukumbuka machozi ni ya nini.

"Usilie, baba," akasema. "Haziumi."