Helmeti Kwenye Kiwiko

Kila asubuhi Macharia, mwendeshaji boda boda wa mtaani hapa Kitengela, humpeleka Seleyian shuleni. Kila asubuhi humwambia, "Vaa helmeti." Wiki hii Seleyian alikuwa na majibu mengi kuliko karatasi ya mtihani: nywele zimesukwa jana, shingo inauma, ukanda unanuka. Kisha aliitia helmeti kwenye kiwiko kama mkoba wa kwenda kanisani.

Sababu ya kweli aliijua Kui tu, rafiki yake wa Gredi ya Sita. Jumatatu walimwona mwanamume akishuka kwenye boda ya Macharia, helmeti ile ile kichwani. Alikuwa yule aliyeanguka kifafa sokoni mwaka juzi.

"Jasho lake liko humo ndani," Kui alinong'ona. "Ukiivaa, wiki ijayo ni wewe unaanguka kwa paredi!"

Alhamisi Macharia alichoka. "Kesho bila helmeti, utatembea. Mimi sibebi kiwiko."

Shule iko kilomita sita, na kesho yake kulikuwa na mtihani. Seleyian akawaza kama binti wa wafugaji: mnyama akishukiwa kuwa na ugonjwa, huogeshwa dawa. Wakirudi nyumbani, alimsimamisha Macharia mbele ya duka la dawa za mifugo, akaingia, helmeti kwenye kiwiko.

"Nataka dawa ya kupe."

"Ng'ombe wangapi?" muuzaji aliuliza, akiwa amempa mgongo.

"Mmoja."

"Mkubwa?"

"Ni... kichwa tu."

Muuzaji akageuka. Alikuwa yule mwanamume wa Jumatatu! Seleyian akasahau hata kuinamisha kichwa asalimiwe, kama watoto wa Kimaasai wafanyavyo mbele ya mtu mzima. Akarudi nyuma hadi kwenye magunia ya chumvi.

"Mimi naitwa Katoo," mwanamume alisema taratibu. "Hiyo helmeti niliivaa Jumatatu. Unaogopa kifafa changu?"

Seleyian akatazama sakafu. "Wanasema kinashika kwa jasho, anko."

"Wanasema! Dawa ya kupe ni sumu. Ukijipaka kichwani, utalazwa wewe, kupe wabaki wakicheka." Akagusa kiwiko chake. "Mimi pia helmeti nilikuwa naivalia hapa. Boda ikateleza kwa vumbi la machimbo, kichwa kikapiga lami. Kiwiko? Hakikupata hata mkwaruzo! Miezi minane baadaye nikaanza kuanguka. Sasa nameza dawa kila siku, na tangu mwaka juzi sijaanguka."

"Kwa hivyo haki... hakiambukizi?"

"Hata kidogo. Kinatoka ndani ya ubongo."

Seleyian akaitazama helmeti, akaivaa polepole, kama mtu anayeingia maji baridi. Akafunga ukanda, akatoka nje.

"Kumbe kichwa unacho!" Macharia akamtania.

Katoo alimfuata, akapitisha kidole chini ya ukanda kuona kama umekaza.

"Kifafa kina sababu nyingi, na nyingine hatuwezi kuzizuia," alisema. "Hii ya kuumia kichwa, mara nyingi tunaweza. Usinishuku mimi, msichana wangu. Shuku barabara."