Kilichofutwa na Kilichobaki

Saa tatu asubuhi, skrini zote za chumba cha michezo zilikuwa nyeusi. Mama Pacha alibonyeza kitufe cha kwanza, kisha cha pili. Hakuna gemu iliyofunguka. Mumewe alisimama kando ya kaunta, amekunja mikono kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Nimeifuta," alisema. "Ile emuleta ya mdogo wako. Sasa hawana cha kutushtaki."

Emuleta ni programu inayofanya kompyuta iige mashine ya gemu. Mdogo wake Mama Pacha, ambaye wote walimwita Waya, aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Jana yake mwakilishi wa kampuni ya gemu alikuja, akatazama skrini, akasema watafungua kesi ya hakimiliki. Chumba hicho ndicho kilichowalisha. Kesi ingekifunga.

Waya aliingia akiwa bado na kofia kichwani.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeondoa wizi wako."

"Rudia! Mimi mwizi?"

"Tena mwizi wa kusomea!"

Mama Pacha alisimama kati yao. "Chunga mdomo wako, Baba Pacha! Usimpake mdogo wangu matope mbele yangu."

Kelele zilimshusha wakili mwenye ofisi ghorofani. "Mnabomoa jengo?" aliuliza. Aliposimuliwa, alimgeukia Baba Pacha.

"Gemu zenyewe zilitoka wapi?"

Baba Pacha alikohoa. "Nilizipakua mtandaoni. Ni za zamani. Hata madukani hazipo."

"Nazo umezifuta?"

"Nizifute za nini? Hizo ndizo mali!"

Mama Pacha alicheka, lakini si kwa furaha.

"Sikilizeni," alisema wakili. "Emuleta haiwi kosa kwa sababu tu inaiga. Kuna mahakama zilizowahi kukubali programu za aina hiyo, mradi mwandishi hakunakili programu ya mwenye mashine. Waya, ulinakili?"

"Hata herufi moja. Wala sikuvunja kufuli lao la siri, lile la kuzuia watu wasinakili."

"Vizuri. Kuvunja kufuli hilo kunaweza kuwa kosa peke yake, na sheria hutofautiana nchi na nchi. Lakini gemu ni kazi ya watu. Kuzeeka kwake hakuifanyi iwe ya bure. Wewe, bwana, ulizinakili bila ruhusa, kisha ukawatoza watu kuzicheza. Kosa liko hapo."

"Kwa hiyo ningenunua kaseti halisi za gemu..."

"Kaseti ya kucheza nyumbani si ruhusa ya kufanyia biashara."

Baba Pacha alirukia kibodi. "Basi nazifuta sasa hivi!"

"Toa mkono!" wakili alifoka. "Umeshaambiwa kuna madai. Ukifuta kimya kimya, utaonekana unaficha ushahidi."

Mama Pacha alimnyang'anya kibodi. "Umefuta halali, ukakumbatia haramu," alisema. "Na bado ukamwita mwenzako mwizi."

Wakili alimwita mwakilishi, naye akaja na mtaalamu. Waliorodhesha gemu zote, wakaikagua kazi ya Waya kutoka nakala aliyokuwa ameihifadhi kwenye flashi. Haikuwa na kitu chao ndani. Gemu zilifutwa mbele yao. Kampuni ilikubali kwa maandishi kutofungua kesi, kwa sharti zisirudi tena.

Kisha Mama Pacha na Waya wakawatafuta watengenezaji wadogo wanaotunga gemu mpya za mashine zile za zamani. Wengi hawakujibu. Waliokubali waliwapa ruhusa ya maandishi, ya biashara.

Siku ya kufungua, wateja walijaa mlangoni. Waya alikuja na programu yake kwenye flashi. Aliishika mkononi, hakuichomeka. Alimtazama shemeji yake.

"Samahani. Wewe si mwizi," Baba Pacha alinong'ona.

"Sauti," alisema Mama Pacha. "Ulipomtukana hukunong'ona."

Akarudia. Hata wa mlangoni wakasikia.

Waya akachomeka flashi. Skrini ya kwanza ikawaka.