Yaya Asiyejua Ski

Kila mwaka, Oktoba ikielekea mwisho, kambi ya watalii ya Dishoek, pwani ya Uholanzi, hufungwa. Mahema hukunjwa, bembea hufungwa minyororo, na Maatje Wisse hubaki hana kazi. Kiangazi kizima ni yeye anayewaangalia watoto wa wageni. Huwachezesha mchangani, huwafuta makamasi, huwabembeleza wakilia. Watoto wanampenda. Tatizo ni kwamba watoto huondoka pamoja na jua.

"Ghala la vitunguu linataka watu," alisema baba yake, Marinus, asubuhi moja wakinywa kahawa. "Nimeongea na msimamizi. Ukitaka unaanza hata kesho."

Maatje aliacha kutafuna mkate. Majira ya baridi yaliyopita alichambua vitunguu miezi minne. Alisimama kutwa mbele ya mkanda unaotembea, na mashine zilipiga kelele hata jirani yako humsikii. Alirudi nyumbani akinuka mpaka nywele. Jumapili alikuwa analala tu, hataki kuona mtu. Hakutaka kabisa kurudi kule.

"Nipe wiki mbili, baba. Natafuta kazi ya watoto."

"Ya watoto, baridi hii? Watoto wako shule."

"Shule zina likizo pia."

"Haya. Wiki mbili. Ila ukikosa usininunie."

Siku hiyohiyo Maatje alikaa mbele ya kompyuta. Aliona tangazo la familia moja ya mjini Utrecht, familia ya Van Rossem. Walikuwa na watoto wawili, Fenna wa miaka saba na Jurre wa miaka mitatu. Likizo ya shule ya Februari wangekwenda Austria kwa wiki moja kucheza ski, yaani kuteleza mlimani juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Walitaka yaya wa kusafiri nao.

Maatje alijaza fomu haraka haraka. Umewahi kulea watoto? Ndiyo, kambini Dishoek. Unavuta sigara? Hapana. Kisha likaja swali lililomtoa jasho: Unajua ski? Majibu yalikuwa matatu: hapana, kidogo, vizuri.

Sasa, Maatje ni mtu wa Zeeland, mkoa huo wa pwani. Nchi ile ni bapa kama meza. Hajawahi kupanda mlima, achilia mbali kuteremka nao. Lakini barafuni hana mpinzani. Mifereji ikiganda, yeye huvaa viatu vyake vyenye makali ya chuma na kupita kama mshale. Alianza akiwa na miaka mitatu, akisukuma kiti cha jikoni ili asianguke. Basi akajisemea, mtu anayeiweza barafu hivi, theluji itamshinda nini? Akaweka alama kwenye "vizuri".

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kazi tu.

Siku mbili baadaye Bi Hester, mama wa watoto, alimpigia simu ya video. Waliongea vizuri. Jurre alimwonyesha Maatje soksi zake, moja baada ya nyingine.

"Nimefurahi sana kwamba unajua ski," Bi Hester alisema. "Shule yao ya ski inaisha saa sita mchana. Mchana ungekuwa unateremka na Fenna mlimani, sisi tupate kupumua kidogo."

"Sawa," Maatje alisema.

Marinus hana siri. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamwambia habari hiyo jirani yao, Bi Jobina Geschiere, kila mtu akiwa upande wake wa ukuta wa bustani. Bi Jobina ana miaka sitini na mmoja. Ujanani alikuwa yaya wa safari kwa majira kumi na mawili ya baridi. Alikuja palepale na maandazi ya mdalasini kwenye mfuko wa karatasi.

"Nasikia unakwenda milimani," alisema akivuta kiti. "Hongera. Utakuwa unafanya nini huko?"

Maatje alimweleza. Alipofika kwenye kuteremka mlima na Fenna, Bi Jobina aliweka chini andazi lake.

"Tangu lini unajua ski?"

"Sijui. Lakini barafuni mimi..."

"Mwanangu, barafu ya mfereji imelala. Mlima umesimama. Siku yangu ya kwanza nilijaribu mwenyewe, tena kwenye kilima cha watoto. Nilikwenda kusimama kwenye ukuta wa choo."

Marinus alicheka mpaka kahawa ikampalia. Maatje hakucheka.

"Nitajifunza kabla ya Februari."

"Wapi? Hapa Dishoek? Utateremka nini, tuta la mchanga?" Kisha Bi Jobina akaacha mzaha. "Sikiliza. Mtoto wa miaka saba anakwenda kasi. Akianguka pale juu, nani atamfikia? Wewe utakuwa umekaa kitako mita mia nyuma yake. Na bima ikigundua uliandika uongo, inaweza kukuruka."

Maatje aliinama. "Nikisema kweli wataniacha."

"Huenda wakakuacha, sikufichi. Lakini usiposema, umekubali kuchezea roho ya mtoto wa mwenzio kwa sababu ya kazi ya wiki moja."

Marinus alimsogezea binti yake andazi.

"Na nani kakwambia yaya lazima ajue ski?" Bi Jobina aliendelea. "Mimi majira kumi na mawili sikuivaa tena. Kuna walimu kwa kazi hiyo. Yaya anawavalisha watoto asubuhi, na hiyo peke yake ni vita. Anawapeleka shule ya ski kwa miguu na kuwachukua. Anawapaka mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu jua la kwenye theluji linaunguza kuliko la pwani. Anawanywesha maji. Anamlaza mdogo mchana. Hayo unayaweza?"

"Hayo nayaweza nikiwa nimefumba macho."

"Basi waambie hayo. Piga simu."

"Sasa hivi?"

"Ukisubiri kesho utapata sababu."

Maatje alipiga simu akiwa amesimama. Alimweleza Bi Hester bila kuzunguka: hajui ski, anajua barafu tu, alidhani inatosha, na haitoshi. Hawezi kumteremsha Fenna mlimani. Anaomba radhi.

Bi Hester alimuuliza swali moja tu.

"Kwa nini uliandika, basi?"

"Niliogopa mtanikataa."

"Asante kwa kuniambia. Itabidi niongee na mume wangu."

Simu ikakatika. Maatje alijiona mjinga. Amejipalia makaa mwenyewe, na sasa vitunguu vinamsubiri.

"Usikae unajuta," Bi Jobina alisema. "Familia si moja tu duniani. Na wewe umeanza vibaya. Hata karatasi huna."

Akamweka chini kama mwanafunzi. Kwanza Maatje aliomba serikalini cheti cha mwenendo mwema. Hakuna mzazi mwenye akili atakayekuachia watoto bila hicho. Jumamosi alikwenda Middelburg kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto, akarudi na cheti kingine. Kisha akaandika majina ya watu wawili wanaomjua kazini. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa kambi.

"Sasa andikia mawakala wanaowatafutia yaya kazi," Bi Jobina alisema. "Taja tarehe ulizo huru: Krismasi, likizo ya Februari, Pasaka. Mwaka ujao anza Septemba. Wenye watoto hupanga mapema, wewe unakuja Novemba kama aliyeamka usingizini."

"Na nikipata familia nisiyoijua?"

"Onaneni kwanza, hata kwa simu ya video. Waulize yaya wa mwaka jana ni nani, uongee naye. Kama ndiyo mara yao ya kwanza, waseme. Mtu akikwambia utume pesa kwanza ndiyo upate kazi, au anataka picha ya pasipoti kabla hujaona hata sura yake, huyo kimbia."

Siku zilipita. Bi Hester hakupiga. Wiki ya pili ilikuwa inakwisha, na Marinus alishamwambia msimamizi wa ghala kwamba binti yake anakuja Jumatatu. Maatje hakumnunia. Alitoa nguo zake za kazi kabatini, akazitazama, akazirudisha.

Ijumaa alasiri simu ililia. Alikuwa Bi Hester.

"Tumempigia msimamizi wako wa kambi," alisema. "Tulitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Ametuambia kiangazi hiki mtoto mmoja aliungua na jua mikononi mwako."

"Ni kweli. Nilisahau kumpaka mara ya pili."

"Ametuambia pia kwamba mama yake hakuwa ameona. Ulimfuata mwenyewe ukamwambia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tunakutaka wewe. Mchana mume wangu atateremka na Fenna. Wewe wachukue tu watoto saa sita, kwa miguu. Ila fomu ile, tafadhali, jaza upya."

Maatje alikaa kwenye ngazi. Alicheka, akalia, akacheka tena. Marinus alitoka mbio akidhani kuna msiba.

Jumapili Bi Jobina alisoma mkataba mstari kwa mstari, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Saa za kazi zipo. Mshahara upo. Nauli wanalipa wao, vizuri. Utalala wapi?"

"Hawajaandika."

"Waulize. Mimi mwaka mmoja nililala kwenye kochi la sebuleni, na wenyewe wanacheza karata mpaka usiku wa manane. Omba chumba chako, au angalau mlango unaofungwa. Na saa za mapumziko ziandikwe. Na bima ya milimani, nani analipa? Na barua ya wazazi inayokuruhusu kumpeleka mtoto kwa daktari?"

Maatje aliuliza yote, kwa adabu. Aliogopa wangeudhika. Bi Hester alijibu siku hiyohiyo kwamba anashukuru, kwa sababu barua ya daktari asingeikumbuka.

Februari walikwenda Austria kwa gari, saa kumi na mbili barabarani, na Jurre aliimba saa tisa kati ya hizo. Maatje alipewa chumba kidogo chenye mlango. Kila asubuhi aliwavalisha watoto tabaka baada ya tabaka, na kila asubuhi Jurre alitaka kwenda chooni akishamaliza kuvaa. Siku ya tatu Maatje alimpeleka kwanza chooni. Mambo yakanyooka.

Siku ya nne darasa la Fenna lilikuwa kwenye kituo cha katikati ya mlima, na la Jurre lilibaki chini. Maatje alimchukua Jurre, kisha wakapanda kwa gari la kebo, kibanda kinachoning'inia na kuvutwa kwa waya, kumfuata Fenna. Walipofika, ukungu ulikuwa unashuka na upepo umeanza kuvuma. Mwalimu alimkabidhi Fenna mkononi.

"Tuteremke kwa ski," Fenna alisema. "Naijua njia."

"Mimi siijui, na ski sijui. Tunashuka kwa kebo."

"Yaya wa Lotte anajua ski."

"Lotte ana bahati. Vaa glovu."

Fenna alinuna njia nzima. Maatje alimwacha anune. Walipofika chini, wafanyakazi walisimamisha magari ya kebo kwa sababu ya upepo. Waliporudi chumbani Maatje alimpigia Bi Hester simu, haikupatikana. Akatuma ujumbe: tuko chumbani, wote salama. Kisha akawavua watoto nguo za baridi na kuwapa supu ya tambi.

Bi Hester na mumewe walikuwa upande wa pili wa mlima. Huko simu hazikushika. Iliwachukua saa mbili kurudi, wakizunguka kwa basi. Bi Hester aliingia chumbani na viatu vya ski miguuni, theluji kwenye nywele. Aliwaona watoto wamekaa zuliani na soksi, wanajenga mnara wa vikombe. Akakaa chini palepale mlangoni.

"Ujumbe wako nimeupata sasa hivi tu, hapo kwenye ngazi," alisema.

"Samahani. Nilipiga, haikuingia."

"Usiombe samahani. Mume wangu ndiye aliyekuwa anatetemeka. Kila dakika ananiuliza, kama wako juu? Kama wamejaribu kuteremka na ukungu ule?" Alimvuta Jurre mapajani. "Nikamwambia, yule hajui ski na alishatuambia. Atakuwa amewashusha kwa kebo. Njia nzima niliketi kwenye basi nikijua mlipo."

Moyo wa Maatje ulikuwa mwepesi. Akaenda kumpashia supu.

Siku ya kuondoka alikumbuka neno la mwisho la Bi Jobina: usitoke kwenye kazi bila barua ya sifa. Akaiomba. Bi Hester aliandika kwa mkono, kwenye meza ya jikoni, huku watoto wakigombania buti. Aliandika kwamba Maatje ni mvumilivu, anawahi, na watoto wanamsikiliza. Mwishoni akaongeza mstari mmoja na kuupigia mstari chini: "Huyu atakwambia mapema asichokiweza."

Mawakala wawili walisoma barua hiyo, na familia tatu zikampigia simu. Kuanzia Krismasi hadi Pasaka ya mwaka uliofuata, Maatje hakuwa na wiki ya likizo iliyobaki wazi.