Dhahabu ya Waturuki

Mutlak aliteremsha kopo kwa kamba ndani ya tangi la mawe, akalisikia likigonga mchanga. Kavu! Akashuka mwenyewe, akaona: sakafu ya chokaa imevunjwa kwa sururu, shimo kama kaburi katikati, na maji yote ya mvua yamekwenda na ardhi.

"Dhahabu," alisema, meno yamekazana. "Watu wamechimba dhahabu ya Waturuki."

"Wameipata?" aliuliza Jadua, shemeji yake, akichungulia kutoka juu.

"Funga mdomo, Jadua! Nitakuua kabla ya kiu."

Wajinga wakubwa! Waturuki waliikimbia nchi hii na njaa zao, dhahabu gani wangeiacha? Walichoacha cha thamani ni haya matangi ya kuvunia mvua, na ndiyo yanayobomolewa. Wawili hao walikuwa wakiifuata jangwani reli ya zamani ya Waturuki kwa miguu, kutoka Maani hadi Mudawara. Vyuma vilishang'olewa, lilibaki tuta tu, na kila stesheni tangi lake. Sasa chupa yao ilikuwa na maji ya kulowesha ulimi.

Hawakufika mbali. Jadua alitumbukia katika shimo jingine la wachimbaji, na mguu ukalia ka! Mutlak akaufunga kwa kilemba chake.

"Niache, ukatafute watu."

"Nimwambie nini dada yangu? Nimekusahau kama mwavuli? Panda mgongoni!"

Akambeba. Jua lilikuwa la utosi na tuta halina kivuli. Kila shimo walilolipita Mutlak alilitukana pamoja na mama wa aliyelichimba, na hasira hiyo ndiyo iliyomsogeza. Jadua aliacha utani. Baadaye akaacha kusema kabisa, na hapo Mutlak akaogopa.

Alasiri aliliona hema jeusi la manyoya ya mbuzi. Mzee Sweilim na mkewe walitoka mbio, wakamlaza Jadua, wakamtia maji mdomoni kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Mutlak akapewa kwanza kahawa ya kumkaribisha, bakuli lake la maji likichotwa. Alikuwa anakipeleka kikombe mdomoni alipoiona sururu kwenye nguzo, chokaa nyeupe imeganda kwenye ncha yake. Akakiweka kikombe chini.

Mzee akakitazama kikombe kile. Kwa desturi ya jangwani, mgeni asiyeigusa kahawa ana ombi, na mwenyeji asiyelitimiza hana uso tena mbele za watu.

"Kunywa maji kwanza, mwanangu," alisema mzee.

"Sinywi maji, sinywi kahawa. Tangi la stesheni, mzee. Lizibe."

"Nani kakwambia ni mimi?"

"Sururu yako ina chokaa."

Uso wa mzee uliiva. "Marehemu babu alisema dhahabu—"

"Hakuna dhahabu! Kulikuwa na maji!" Midomo ya Mutlak ilipasuka, damu ikamtiririka kidevuni.

"Mkubalie tu, mzee," Jadua alinong'ona mkekani. "Ukaidi wao naujua, nimeoa kwao."

"Sweilim!" mkewe alifoka. "Unataka mgeni afie hemani mwetu?"

Mzee akashika ndevu zake. "Kwa ndevu hizi, saruji nitaileta kesho, na nitalisiliba kwa mikono yangu. Haya, kunywa."

Mutlak akakinyanyua kikombe. Nusu ya kahawa ikamwagika kifuani. Iliyobaki akainywa, bado amekasirika.